Kwenda Bagamoyo kwa miguu: kabla hujanunua raba mpya

"Shikamoo mama. Nimesikia mwaka huu ulihiji kwa miguu kutoka Dar hadi Bagamoyo. Na mimi mwakani nataka, Kwaresima. Ninunue raba za aina gani?"

Ujumbe huu umetoka kwa binti mmoja wa Tanga, na si yeye peke yake. Tangu nifike, simu haipoi, na kila mtu anaulizia raba. Marahaba mwanangu. Kwenye raba tutafika. Kwanza nikusimulie nilivyokwenda, maana ushauri wangu wote umetoka humo.

Mimi ni mkazi wa Bagamoyo, kwa hiyo hija yangu ilianza kwa kichekesho. Nilipanda daladala ya Makumbusho, nikalipa nauli kamili, nikaenda Dar ili nirudi nyumbani kwa miguu. Konda aliponiona na kibegi na fimbo akauliza naelekea wapi. Nikamwambia Bagamoyo. Akanitazama kwa huruma: "Mama, hii ndiyo inatoka huko."

Miaka yote mimi nimekuwa upande wa kupokea. Mahujaji wakiingia mjini, sisi akina mama tunakuwa tumeshachemsha maji na kupanga mabeseni yenye chumvi. Nimeosha miguu mingi ya watu. Nimeona vidole vimeng'oka kucha, nimeona soksi iliyoganda kwenye kisigino hadi ikabidi tuiloweshe ndipo ibanduke. Ukitaka kujua nani alijiandaa na nani alikuja na shangwe tu, mtazame visigino. Kila mwaka nilikuwa nikimwaga yale maji nje najiambia, na mimi siku moja nitakuja kwa mlango ule wanaokuja nao hawa.

Mwaka huu nikaenda kuandikisha jina. Kiongozi wa msafara, kijana mmoja ambaye simtaji, akapitisha macho kwenye mwili wangu (si haba, namshukuru Mungu) halafu akasema mbele ya watu: "Mama, wewe nimekuweka kwenye gari. Sala ni ile ile." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka. Nimeshavuka hamsini, nimelea, nimezika, nimebeba ndoo za maji kichwani kabla yule kijana hajazaliwa, halafu ananipangia gari kwa kuniangalia tu! Nimemsamehe, Kwaresima ndiyo inataka hivyo. Lakini kusahau sijasahau.

Basi nikaanza mazoezi, na nakiri kwamba wiki za mwanzo nilitembea kwa hasira kuliko kwa sala. Njia yangu ilikuwa ya Kaole. Kutoka mjini hadi kwenye magofu, pale penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya kale, ni kilomita 5 hivi, kwenda na kurudi 10. Nilipozoea nikawa napitiliza kuelekea Mlingotini. Wauza samaki walinitania: mama, deni la nani hilo unalikimbia?

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Watu hufanya mazoezi alfajiri kwa kuwa kuna ubaridi. Ni vizuri, lakini msafara hautembei alfajiri peke yake. Jua la saa nne litakukuta barabarani, na la saa nane litakukuta kwenye lami. Mimi nilikuwa natoka saa nane mchana, mwezi wa pili, joto lenyewe lile mnalolijua. Nilivaa nguo zile zile nitakazohiji nazo, na kibegi kile kile mgongoni. Zoezi la namna hiyo ndilo linalokuonyesha kamba ya begi inakata bega la upande gani, na mapaja yanaanza kuchubuka baada ya muda gani. Hili la mapaja akina mama wenzangu hawalisemi, wanaona aibu. Mimi nalisema. Vaa taiti ndefu ndani ya sketi, paka mafuta mazito ya mgando, na upake tena kila mnapopumzika. Nimeona dada wenye nguvu zao wameishia Bunju, na tatizo halikuwa miguu.

Wenzetu wa Ulaya wanahiji kwenda Santiago de Compostela, Hispania, na wengi huchagua majira ya kuchipua, jua la upole na maua njiani. Ukitembea walau kilomita 100 za mwisho kwa miguu unapewa cheti. Sisi Kwaresima yetu hainaga upole huo. Pasaka huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa hiyo ikiwahi unatembea mwishoni mwa kaskazi, jua kali na upepo wa usoni, na ikichelewa unatembea kwenye masika, raba zimejaa maji na malori yanakurushia tope. Jiandae kwa yote mawili. Simu iingie kwenye mfuko wa plastiki, soksi kavu ziingie kwenye mfuko mwingine, na kanga mbili zisikosekane. Kanga ni shuka, ni taulo, ni mwavuli wa jua, ni pazia la kujisitiria porini.

Haya, raba. Usinunue mpya. Kama huna, nenda kwenye mitumba utafute iliyokwisha kulainishwa na mguu wa mtu mwingine, na uende jioni, kwa sababu jioni mguu umevimba na ndivyo utakavyovimba njiani. Kidole gumba kisigusie mbele hata kidogo. Halafu ivae wiki nyingi kabla, sokoni, kanisani, popote. Mwaka huu palikuwa na binti kwenye msafara wetu ana raba nyeupe mpya kabisa, nzuri mno, amepiga nazo picha Mwenge asubuhi. Tulipofika Tegeta amezining'iniza shingoni, anatembea na ndala za kuazima.

Soksi ni muhimu kuliko raba, mtanisamehe. Badilisha kila mnapopumzika kwa muda mrefu, zile mbichi zibane nje ya begi zikauke. Ukihisi sehemu inawaka moto, simama hapo hapo, vua, kausha, bandika plasta. Usingoje lengelenge litoke. Na wewe mwenye kisukari, ongea na daktari kwanza, kwa sababu ganzi ya miguu inaweza kukuficha kidonda usikisikie hadi kimeharibika. Wa presha vivyo hivyo.

Kuhusu mzigo, nitawakumbusha watu waliopita hapa zamani. Wapagazi wa misafara walikuwa wakiingia Bagamoyo na frasila mbili kichwani au begani, kilo 30 na zaidi, wakitoka Ujiji na Tabora. Na mwaka 1874, mwezi wa pili, akina Chuma na Susi na wenzao walifika hapa na mwili wa bwana wao Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, waliombeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, miezi mingi njiani, wakaulaza pale misheni ya Wakatoliki, tunakoishia hija, kwenye kanisa ambalo mnara wake bado upo. Hao walibeba kwa kuwa ilibidi. Wewe hakuna aliyekulazimisha kubeba sufuria, mito miwili na chaja tatu. Begi langu lilikuwa na maji lita moja na nusu, tende, karanga, soksi, kanga, mafuta, plasta, rozari, na chumvi na sukari nilizozifunga kwenye vikaratasi.

Hiyo chumvi na sukari ina kazi yake. Ukitoka jasho kutwa nzima halafu ukanywa maji matupu tu, chumvi mwilini inapungua, kichwa kinauma, misuli inakaza. Chukua lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, kunywa kidogo kidogo. Dafu nalo linasaidia sana, ukilipata.

Nasema ukilipata kwa sababu miaka hii Kwaresima na Ramadhani zimekuwa zikigongana, na pwani hii yetu wengi ni Waislamu. Mchana mama ntilie wengi wamefunga vibanda. Usitegemee chai ya njiani. Na ukila, jitenge kidogo, usisimame mbele ya mtu aliyefunga ukatafuna muhogo. Pale Kiromo mzee mmoja muuza madafu alituita mwenyewe. Alikuwa amefunga, midomo imekauka, lakini akatukatia dafu moja moja na bei akapunguza. Akaniuliza, "Na wewe mama umetoka Dar kwa miguu?" Nikamwambia ndiyo. "Mashallah," akasema, akanichagulia lenye nyama laini.

Njia yenyewe ni kilomita 60 hivi kutoka Mwenge. Siku ya kwanza hadi Tegeta hakuna la kusimulia, ni moshi na honi. Tembeeni upande wa kulia wa barabara mkiyatazama magari yanayokuja, vaeni vizibao vya kung'aa kama kuna giza, na msitembee watatu kwa safu hata kama wimbo umekolea. Bodaboda haioni wimbo. Ukishavuka daraja la Mpiji umeiaga Dar, unaingia mkoa wa Pwani, na hapo ndipo msafara wetu ulipokatika vipande. Walioanza kwa mbio, kiongozi wetu akiwa mbele na bendera, walikuwa wamekaa chini ya mkorosho wanahema. Mimi nikawapita. Sikusema neno, nilikuwa kwenye fungu la tatu la rozari.

Tulilala Mapinga, sakafuni, kanga chini. Kesho yake Kerege, Zinga, sina cha kueleza, ni kuinua mguu na kuuweka. Karibu na Zinga gari la wagonjwa likatupita polepole, na dirishani nikamwona yule kiongozi wetu aliyenipangia gari, goti limefungwa bandeji. Alinipungia mkono. Nami nikampungia. Sitasema nilijisikiaje, Padri wangu anasoma haya. Ila nitasema hivi: hija si mashindano, wapendwa, na anayekwenda kuonekana mbele ameshapata thawabu yake pale pale Mwenge. Tafuta mwendo unaoweza kusali nao. Ukishindwa kumaliza "Salamu Maria" bila kuhema, punguza. Ukiachwa, achwa. Barabara ni moja, huwezi kupotea. Vijana hamtaki kusikia neno punguza, mnataka picha. Basi pigeni picha, lakini magoti ni yenu.

Ukifika misheni utapita chini ya miembe, hewa inabadilika ghafla, na wengi hulia hapo. Lieni tu. Nendeni msalabani ufukweni, mahali wamisionari wa Roho Mtakatifu walipousimika 1868, kisha pangoni kwa Bikira Maria wa Lurdi, pango la tangu 1876. Foleni ni ndefu, na mtu aliyetembea hivyo akisimama muda mrefu bila kusogea anaweza kuanguka. Chezesha vifundo, hamisha uzito, kaa chini ikibidi, hakuna atakayekusema.

Jioni loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, usikwangue wala kuchuna ngozi ya lengelenge. Lala umeinua miguu juu ya begi. Na kama unarudi Dar, usirudi jioni ile ile. Daladala hujaa, utasimama hadi Makumbusho, na miguu itakufia njiani. Lala, uondoke asubuhi na gari ya kwanza, ukae kiti cha pembeni mwa njia unyooshe mguu, na ukishuka mwambie konda mapema asimamishe kabisa, usishuke gari likitembea kama ulivyozoea.