Maelezo ya toleo yaandikwe siku ya mabadiliko

Nyie mnaotoka CIVE, koleji ya TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na kuanza kuchangia programu huria, mtakutana mapema na swali hili: umerekebisha hitilafu, sawa, maelezo yake yako wapi?

Wengi hunakili ujumbe wa komiti (maneno mafupi yanayoambatana na badiliko linapohifadhiwa kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo) na kuubandika. Ujumbe ule ni wa mtengenezaji mwenzako. Maelezo ya toleo ni ya anayeitumia programu, na GNU, mradi mkongwe wa programu huria, walitenganisha haya zamani: faili la ChangeLog kwa watengenezaji, la NEWS kwa watumiaji. Tuseme karani wa takwimu kule Kondoa anajaza ripoti ya mwezi. Ukimwandikia "moduli ya tarehe imepangwa upya", hujamwambia kitu. Mwandikie: "Ukishasasisha, hakiki tarehe za ripoti ambazo hujazituma."

Sasa, yaandikwe wapi? Mradi wenye faili moja la mabadiliko huwa na kero yake. Kila mtu anaongeza mstari palepale juu, Git inalalamika mgongano, watu wanachoka, kazi yote inasukumwa hadi siku ya kutoa toleo. Siku hiyo mtu mmoja anafukua komiti za miezi akibahatisha nani alikusudia nini. (Mtu huyo kwa kawaida ni yule mpole kuliko wote.)

Dawa ni kila badiliko kuja na kijifaili chake. Miradi ya Python kama pip na pytest hutumia chombo kiitwacho towncrier: jina la faili hubeba namba ya tatizo na aina ya badiliko, kisha siku ya toleo vyote hukusanywa na vijifaili kufutwa. OpenStack, mradi wa programu za wingu, wana chombo chao, reno, ambayo haifuti kitu. Husoma historia ya Git ijue kila kijifaili ni cha toleo lipi. Kwa mradi unaotunza matoleo kadhaa ya zamani kwa pamoja, mimi ningechagua reno. Kwa mradi mdogo, towncrier inatosha kabisa.

GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, nayo huweza kutengeneza orodha yenyewe kutokana na vichwa vya maombi ya kuunganisha mabadiliko (pull request). Vichwa vikiwa hovyo, orodha itakuwa hovyo.

Mkiwa wakaguzi, msipokee badiliko lisilo na kijifaili. Amri ya "towncrier check" italinasa. Marekebisho ya tahajia tu yaacheni yapite. Hata CPython, mradi wa Python yenyewe, wana lebo maalumu ya kuruka sharti hilo.