Gunia la mchele lilikuja kwa basi, mwanangu

Barua imetoka kwa mama mmoja wa Kivule, nimeifupisha kidogo:

"Shangazi shikamoo. Nina watoto wawili, ndoa ina miaka 9. Tangu nijiunge na kikundi cha maombi nimejifunza kutonunua kitu cha nyumbani bila kumwomba Mungu kwanza, iwe sufuria iwe pazia, na Mungu ananitendea, juzi tu ndani hakuna kitu akatuletea gunia zima la mchele wa Kyela. Basi nikaingia maombi ya siku 21 kwa ajili ya friza niuze maji na ice cream, siku ya 19 mlango ukafunguka, dada mmoja akaniunganisha na watu wakanipa laki saba siku hiyohiyo, kama yule mjane wa Elisha aliyeambiwa akaazime kwa majirani. Mume wangu badala ya kufurahi amenuna, analala kwenye kochi. Imani hana, kutwa na daftari lake la hesabu. Mama yake naye kila siku anapiga simu toka Kyela kumjaza maneno. Na shetani kaingia mpaka kwenye umeme, LUKU ya elfu nane iliyokuwa inamaliza mwezi sasa haifiki hata wiki. Ada ya mtoto bado ila hiyo naamini Mungu atafanya. Shangazi nimfanyeje mume asiye na imani?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa kulala peke yako, kitanda kikubwa usiku kina baridi hata Dar hii ya joto. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu. Umeandika Mungu aliwaletea gunia la mchele wa Kyela, halafu mistari michache chini unasema mama mkwe anapiga simu toka Kyela. Wewe mtoto! Huyo bibi kakoboa mpunga wake, kalipa mtu wa toroli, kalipa mzigo stendi, gunia limekata usiku kucha barabarani mpaka Dar, wewe unapokea unasema haleluya halafu aliyetuma unamwita mjaza maneno. Simkatai Mungu, yeye ndiye alimgusa huyo mama, lakini sasa mama kashagusika mbona humpigii hata kumwambia ahsante umefika?

Tuje kwenye mlango uliofunguka. Hakuna watu duniani wanaompa mtu wasiyemjua laki saba siku hiyohiyo kwa mapenzi mema, hao watu wana jina na mtaani kwako wanajulikana, kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kunyonya. Siku za maombi umezihesabu moja moja mpaka ya 19, lakini marejesho kwa wiki shilingi ngapi hujaandika, na dhamana uliandikisha nini pia hujaandika, na mimi nawajua hao, wanaandika TV, wanaandika godoro, wanaandika jiko. Nina wasiwasi hata hilo kochi analolalia mwanaume wa watu limo kwenye karatasi yao!

Na usimwingize yule mjane humu. Kasome tena Wafalme wa Pili sura ya 4 taratibu. Yule mama alikuwa tayari kwenye deni, mwenye kumdai anataka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa, na nabii alipomsikiliza kitu cha kwanza alimuuliza ndani kwako una nini. Akasema kichupa cha mafuta tu. Alichoambiwa aazime kwa majirani ni vyombo vitupu mwanangu, VITUPU, sio pesa. Na mafuta yalipojaa hakukimbilia kununua kitu cha sebuleni, aliambiwa kauze, lipa deni lako, kitakachobaki mle wewe na wanao. Deni kwanza. Wewe umeigeuza hadithi, umeanzia mwisho umeishia kwenye shida aliyoanza nayo mwenzio.

Kuomba kabla ya kununua ni kuzuri, mimi mwenyewe naomba, jirani yangu Muislamu akiwa na jambo zito anaswali istikhara rakaa mbili ndio anaamua, na akishaswali bado anauliza watu na bado anaulizia bei. Sasa wewe siku 21, hukupata siku moja ya kupanda daladala ukaulize Kariakoo friza bei gani, ukauliza fundi inakula umeme kiasi gani? Huyo shetani wa LUKU hata wa TANESCO wanamjua. Mlikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, mkizidisha mnatolewa na uniti moja inapanda bei karibu mara tatu. Friza inawaka usiku na mchana. Hapo hata ukemee mpaka sauti ikauke mita itaendelea kusoma.

Halafu huyu mwanaume. Unasema hana imani ana daftari. Yesu mwenyewe kwenye Luka 14 aliuliza nani anataka kujenga mnara asikae kwanza chini akapiga hesabu kama anacho cha kumalizia. Kukaa chini na kupiga hesabu, ndicho anachofanya mumeo kila jioni! Na nakuhakikishia ile ada unayosema Mungu atafanya imo mle kwenye daftari, imeandikwa na kupigwa mstari chini, na ulipoleta friza ndani yeye akajua hesabu yake yote imeharibika. Hajakupiga, hajakutukana, hajaenda kwa mwanamke mwingine, kaenda kwenye kochi. Wa hivyo siku hizi ni wachache. Siku 21 umeongea na Mungu aliye mbinguni, yeye yuko chumba cha pili hujamwambia hata neno, tena nadhani ulijua kabisa atasema hapana ndio maana.

Ndoa za sasa hivi zinanishangaza. Baba ana simu yake na namba yake ya siri, mama ana vikoba vitatu baba hajui hata kimoja, baba ana kiwanja Chanika mama hajui, wanakutana siku anakuja mdai mlangoni, hapo ndio wanatambulishana. Sisi mama zetu walificha hela kwenye kanga ni kweli, lakini ilikuwa hela ya chumvi na mafuta ya taa, sio laki saba za watu. Na nyie wanaume msicheke, wapo humu wanaoambiwa gesi imeisha wanajibu "tumwombe Mungu mke wangu" huku mfukoni wana hela ya nyama choma, zamu yenu inakuja.

Sasa sikia. Leo watoto wakilala nenda kwenye hilo kochi, usipeleke Biblia, peleka karatasi ya mkopo. Mwambie umelipa ngapi, imebaki ngapi, dhamana ni nini, kila kitu, mpe na kalamu aandike. Ice cream unauza shilingi ngapi kwa siku nayo mwambie, maana hiyo nayo umeninyima mimi, sitaki kuamini umemnyima na yeye. Akisema friza iuzwe deni liishe, iuzwe. Akisema ibaki, ataipangia mstari kwenye daftari na mtaomba pamoja.

Kesho asubuhi kabla hujafua mpigie mama mkwe. Usianze na kesi, anza na shikamoo, mwambie mchele umefika, watoto wanaupenda, unanukia mpaka jirani kauliza.