Maswali na Majibu: Eafoni Zilizopotea

Wasomaji wengi waliopotelewa na eafoni zisizo na waya wananiuliza mambo yanayofanana, nami nimechagua sita kati ya maswali hayo.

Ndugu mwandishi, eafoni ya kushoto ya AirPods Pro zangu za Apple imepotelea nyumbani tangu jana usiku. Kasha na ya kulia ninazo. Nianzie wapi? – Msomaji, Tabata

Anza sasa hivi, kwa sababu eafoni iliyo nje ya kasha haipati chaji, na ikishazimika haitalia tena. Vua kwanza ile ya kulia usije ukaumiza sikio, kisha ufungue programu ya Find My, ya kutafutia vifaa vya Apple, kwenye iPhone na uamuru ya kushoto pekee ilie. Zima feni na televisheni, upite chumba kimoja baada ya kingine, kwa kuwa Bluetooth ya vifaa hivi hufika takriban mita 10 mahali peupe na ukuta wa tofali huufupisha umbali huo. Mlio wake ni mwembamba na godoro huumeza kwa urahisi, hivyo inua mito, kung'uta shuka na upapase upenyo ulio nyuma ya mito ya kochi. Nguo chafu zikaguliwe mifuko yote kabla hazijalowekwa.

Nilishuka daladala Ubungo, na sasa ramani inaonyesha AirPods Pro zangu ziko Buguruni. Niende kuzichukua? – Msomaji, Kimara

Usiende peke yako, wala usiende na kundi la vijana. AirPods hazina GPS. Alama unayoiona ni mahali ilipokuwa simu iliyozinasa, iwe yako au, kwa AirPods Pro tangu mwaka 2021, iPhone ya mpita njia yeyote. Soma kwanza muda ulioandikwa pamoja na alama hiyo, kwa maana ikiwa ni ya saa tatu zilizopita, huenda gari lilikuwa limekwama tu kwenye foleni pale. Hata ikiwa ya sasa hivi, eneo linaloonyeshwa laweza kuwa na nyumba kadhaa, na katika miji yetu mtu akishaitiwa mwizi, watu hawangoji ushahidi. Wapo waliouawa kwa kelele za namna hiyo, na hakuna eafoni yenye thamani ya uhai wa mtu. Washa hali ya kupotea (Lost Mode) kwenye Find My, uweke namba yako ya simu, kisha uende polisi ukiwa na namba ya utambulisho iliyochapishwa kwenye boksi. Wengi mnaniambia kwamba boksi mlilitupa siku ileile ya kununua. Narudia ombi langu: pigeni picha ya namba hiyo na ya risiti kabla hamjatoka dukani.

Nilinunua eafoni za bei nafuu Kariakoo, zimepotea zikiwa zimezimika. Ni programu ipi itakayonionyesha zilipo? – Msomaji, Morogoro

Hakuna. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado watu wanalipia programu zinazoahidi kuonyesha kwenye ramani kifaa kilichozimika. Huo ni utapeli. Zipo programu za kupima nguvu ya mawimbi ya Bluetooth, ambapo −45 humaanisha uko karibu na −90 uko mbali, lakini eafoni lazima iwe inawaka. Mwenye Galaxy Buds, eafoni za Samsung, anayo programu yao ya SmartThings, ilimradi aliziunganisha na akaunti yake kabla hazijapotea.

Je, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inaweza kuzifungia kama simu? – Msomaji, Dodoma

Hapana, simu hufungiwa kwa IMEI, yaani namba inayoitambulisha kila simu kwenye mtandao, na eafoni hizi hazina IMEI.

Kijana mmoja anauza AirPods moja moja mtaani. Ninunue ya kuziba pengo? – Msomaji, Mwanza

Usinunue. Apple yenyewe huuza sikio moja au kasha peke yake, kwa hiyo njia halali ipo, ingawa gharama yake huwashtua wengi. Namba ya modeli, inayoanza na herufi A na kuchapishwa kwa maandishi madogo sana kwenye eafoni, huonyesha ni ya toleo lipi, na lazima toleo hilo liwe moja na la mwenzake, la sivyo hazitafanya kazi pamoja. Tujiulize pia, sikio moja linalouzwa mkononi limetoka wapi kama si kwa mtu anayelitafuta? Soko hili linaendelea kwa sababu yetu sisi wanunuzi, na anayenunua kitu cha wizi anaweza kushtakiwa.

Nimeokota kasha la AirPods Pro stendi ya Magufuli. Nitampataje mwenyewe? – Msomaji, Mbezi

Asante kwa kuuliza. Usizivae, kwani uchafu wa sikio la mtu unaweza kubeba vijidudu. Fungua kifuniko karibu na iPhone. Ikiwa mwenyewe amewasha hali ya kupotea, ujumbe wake na namba yake ya simu vinaweza kuonekana ukiziunganisha. Kama hakuna ujumbe, zikabidhi kwa uongozi wa stendi mbele ya shahidi. Akijitokeza mtu kudai ni zake, aombwe kuzionyesha kwenye Find My ya simu yake na kuziamuru zilie hapo hapo, kabla hajakabidhiwa chochote.