Usikate vizingiti vya 504 Jumamosi kabla hujaifunga bodi kwa mabomba

Mkuu, zima kwanza hiyo grainda.

Nimesoma uzi wako mara mbili nikiwa nimesimama dukani, mteja mbele yangu anasubiri chenji. Umesema una Peugeot 504 saluni ya mwaka 1976 aliyoiacha marehemu mzee, iko Kigamboni nyuma ya nyumba. Injini imeshatoka, milango minne imeegemezwa ukutani, gari liko juu ya stendi nne, na Jumamosi fundi anakuja kukata vizingiti vya chini ya milango vilivyoliwa na kutu, pande zote mbili, "ili tumalize siku moja". Halafu ukauliza upake rangi gani, breki uziboreshe vipi, uweke injini ya Toyota au ubaki na yake, AC, na raba za vioo zinapatikana wapi. Hayo yatasubiri. Ukikata katika hali uliyoieleza, hutabaki na gari la kuwekea AC.

Mimi ndicho nilichofanya. Mwaka 2017, hapa Tanga, gari lile lile, kutu ile ile ya upepo wa bahari.

504 saluni haina chesisi, na hili watu wengi hawalijui, hata baadhi ya mafundi wa miaka 30 kazini. Land Rover ya zamani ukiivua bodi yote ya alumini, unabaki na chesisi ya chuma imesimama chini na matairi yake, unaweza hata kuiendesha. Mtu aliyekulia kwenye Land Rover na Land Cruiser anaona bati la bodi ni nguo tu, unaivua na kuivaa. Kwenye saluni ya Pijo nguvu yote iko kwenye bodi yenyewe: sakafu, paa, nguzo za milango, na zaidi ya vyote vile vizingiti, yale mabati yaliyokunjwa kama boksi chini ya milango kutoka nyuma ya tairi la mbele hadi mbele ya tairi la nyuma. Ule ndio uti wa mgongo. Sasa wewe umetoa milango, umeshikilia gari kwenye ncha mbili, halafu unataka kuukata uti wa mgongo kulia na kushoto kwa mpigo.

Nikueleze ilivyokuwa. Gari nililinunua kwa mwalimu mstaafu kule Muheza, injini inawaka, viti vizima, rangi imepauka. Nilichokosea mwanzo kabisa ni kuanza na rangi. Nilitaka nyumbani waone mabadiliko, mke wangu aache kuuliza kile chuma kitatoka lini uani. Nikalipa milioni moja na laki nne, gari likang'aa kama sahani mpya. Miezi miwili baadaye nikapiga jeki upande wa kulia kubadilisha tairi, jeki ikaingia ndani ya kizingiti kama kidole kwenye andazi. Chini ya rangi mpya kulikuwa na bodi fila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, chini ya bodi fila kulikuwa na gazeti. Gazeti, mkuu! Mtu aliyewahi kulitengeneza zamani alikunja gazeti akaziba tundu, akapaka fila juu, akapiga msasa. Aliyenipakia rangi aliliona, maana alipiga msasa pale pale, akanyamaza.

Basi nikamwita fundi bodi wa gereji bubu karibu na kwangu. Simtaji, ana watoto wanasoma. Nikamuuliza waziwazi: hili gari likikatwa chini halitapinda? Akagonga sakafu kwa nyundo, akasema, "Bosi, chesisi ipo, usiogope." Neno hilo limenigharimu kuliko ada ya mwanangu ya mwaka mzima. Alichokuwa anakigonga ni zile boriti fupi za bati zilizochomelewa chini ya sakafu. Kwa macho zinafanana na chesisi, lakini peke yake hazibebi kitu.

Akatoa milango, kama wako anavyofanya, kwa sababu inamzuia kuingiza mkono. Stendi mbili mbele, mbili nyuma, katikati hewa. Akakata kulia, mchana akakata kushoto. Sikusikia mlio wowote, hakuna kilichodondoka, na ndiyo maana watu hawaogopi kazi hii. Gari lililegea polepole kama kitanda cha kamba, kimya kimya, sisi tunakunywa chai. Jioni akachomelea bati jipya pande zote mbili, safi, mshono mzuri hata kwa macho yangu leo. Alichofanya ni kuugandisha ule mlegeo. Alichukua gari lililopinda akalifungia kupinda kwake ndani ya chuma kipya.

Kesho yake tukarudisha milango. Mlango wa dereva kona ya juu nyuma inagonga nguzo ya kati, chini pengo linaingia kidole kizima. Nafasi ya mlango juu ilikuwa imebana kwa milimita 11. Hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo, kwa sababu badala ya kusema "tumekosea", fundi alichukua nyundo akaanza kulazimisha bawaba, kisha akakwangua ukingo wa mlango kwa grainda ili ufunge. Mlango uliokuwa mzima tangu Ufaransa! Ukafunga, ndiyo, kwa kuubamiza kama mlango wa stoo. Mvua ya kwanza maji yakajaa sakafuni. Kioo cha mbele tulichorudisha kwenye fremu iliyopinda kikakaa siku mbili, siku ya tatu kikapasuka kutoka kona ya chini, gari limesimama kivulini, hakuna aliyeligusa. Rangi yangu ya milioni na laki nne ikaungua mstari mzima chini ya milango kwa joto la kuchomelea.

Gari la aina hii ndilo Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975, kwenye matope na mashimo ya Afrika Mashariki. Langu lilipindia kwenye sakafu ya saruji, bila kusogea hatua moja.

Kulinyoosha kulichukua miezi saba. Kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zimeharibika, sikuwa na upande mzima wa kupimia. Ilibidi nipande basi hadi Korogwe kwa mzee mmoja mwenye 504 ambayo haijawahi kukatwa, nikamwomba anikubalie nipime nafasi za milango yake kwa tepu, juu, chini, pembe kwa pembe. Alinipa chai na kiti, akanishikia mwisho wa tepu yeye mwenyewe, Mungu amzidishie umri. Fundi wa pili akakata tena kila kilichochomelewa, akaweka gogo la mninga chini ya sakafu na jeki ya chupa chini yake, akawa anainua nywele kwa nywele, tunapima, tunaacha lilale, kesho tena. Siku tatu kuinua tu. Hesabu yote ya mara ya pili, bila rangi, ilifika milioni tatu na laki moja. Kioo cha mbele nilikipata Mombasa, kwa sababu Kenya waliendelea kuunganisha 504 hadi miaka ya 2000 wakati saluni Ufaransa iliisha mwaka 1983, kwa hiyo vipuri vingi bado vimelala kule.

Sasa sheria yangu, na nitaisema hadi unichoke: pima, funga, ndipo ukate. Kwa mpangilio huo huo.

Kupima maana yake leo jioni rudisha milango yote minne kwenye bawaba zake. Ndiyo, yote, hata kama fundi atanuna. Mlango ndio kipimo chako. Ukiwa umefungwa vizuri, chukua biti za drili za unene tofauti, ingiza kwenye pengo kuzunguka mlango mzima, uone ipi inapita kwa kubana, na uandike namba kwa kalamu kwenye karatasi ya gundi pale pale juu ya bodi. Kisha fungua, pima nafasi tupu pembe kwa pembe, vipimo viwili kila mlango. Piga picha na simu. Lakini kabla ya vipimo vyote hivyo hakikisha gari liko sawa. Tumia mpira wa maji wa waashi, ule wa kuonekana ndani, maana sakafu ya uani kwako sidhani kama iko sawa. Na stendi zisikae kwenye ncha tu. Weka mbao nene na stendi nyingine katikati, chini ya sehemu ngumu za sakafu, zibebe uzito bila kusukuma juu. Ukisukuma juu nako ni kupinda, ila kwa upande wa pili.

Kufunga ni kuchomelea mabomba ya mraba ndani ya gari, ya milimita 25 yanatosha. Moja kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya kati usawa wa kiuno, moja mshazari, hivyo hivyo mlango wa nyuma, kisha moja linalovuka gari kutoka nguzo ya kati ya kulia hadi ya kushoto. Usichomelee kwenye bati jembamba la nje. Tumia vipande vya bati nene vilivyofungwa kwa bolti kwenye matundu ya mikanda na ya bawaba. Na mabomba yakae kwa ndani kiasi kwamba mlango bado unafunga. Watu wengi wanaweka mabomba vizuri halafu milango haifungi kwa sababu ya bomba, wanaitoa, wanabaki vipofu.

Ndipo ukate. Upande mmoja. Sijasema upande mmoja asubuhi na mwingine mchana; nimesema upande mmoja hadi uishe, uchomelewe, upoe, milango ijaribiwe kwa zile biti za drili, namba zilingane, ndipo uvuke upande wa pili. Na hata huo upande mmoja usiukate wote. Kata kipande, shika kwa vidoti vya kuchomelea, funga mlango, angalia pengo, endelea. Kuchomelea kwenyewe kuwe vipande vya sentimita mbili au tatu, unaruka huku na kule, bati lisipate moto sehemu moja likajikunja. Kama ana mashine ya MIG, ile ya umeme inayochomelea kwa waya, ni bora zaidi. Kuchomelea kwa gesi kunapasha eneo kubwa mno kwa bati la chini ya milimita moja na nusu. Betri itoke, tangi la mafuta litoke liwekwe mbali kabisa, zulia na ile lami ya sakafuni ikwanguliwe, ndoo ya mchanga iwe karibu.

Atakwambia hayo yote ni siku tano badala ya moja. Ni kweli. Mlipe siku tano. Mimi nililipa miezi saba.

Na tafadhali usinionyeshe video ya jamaa wa Ulaya anayekata kizingiti kizima kwa dakika kumi. Niliitazama ileile kabla ya kukata. Tazama vizuri gari lake limeshikwa na nini: limefungwa kwenye fremu ya chuma kila pembe, na ndani kuna mabomba. Hakuyazungumzia kwa sababu kwake ni jambo la kawaida.

Bati jipya likishakaa, acha yale matundu madogo ya chini ya kizingiti wazi. Ni ya kutolea maji. Yangu yalizibwa kwa fila na rangi, maji yakakaa ndani miaka, kizingiti kikaoza kutoka ndani kuja nje huku nje kukiwa safi. Ndani pulizia nta au grisi iliyoyeyushwa, ifike kila kona. Kwa Kigamboni, na ile chumvi, hili usiliruke.

Rangi: ya mwisho kabisa, hata iwe gani. Injini: kama mzee alikuachia ile ya 1971 cc, nzima, baki nayo. Toyota itakudai kukata tena sehemu za kushikia injini na gia, na mimi sitaki kusikia neno kukata kutoka kwako mwaka huu. Ila jihadhari: silinda zake ni za kuchomoa, zimezungukwa na maji, zimekaa kwenye gasketi zake chini. Fundi akishafungua kichwa asizungushe injini hata kidogo bila kuzibana silinda, zitainuka, na maji yataanza kushuka kwenye oili. Jamaa yangu wa Pangani yalimkuta.

Mwambie fundi Jumamosi aje, usimkatishe kazi. Ila aje na tepu na mabomba, grainda aiache nyumbani. Ukishapima, niandikie hapa namba za pembe kwa pembe za milango yote minne, nizilinganishe na zile za Korogwe. Bado ninazo, nimeziandika ukutani gereji kwa rangi nyeupe.