Fomo3D: haikuwa bahati
Umeuliza kama aliyeshinda Fomo3D, mchezo wa kuwania chungu cha pesa kule Ethereum (mtandao wa sarafu ya kidijitali iitwayo etha), alibahatika tu. Hapana, ndugu yangu. Saa ya mchezo ilianzia masaa 24 ikirudi nyuma, na kila ufunguo (yaani tiketi ya mchezo) ulionunuliwa uliiongezea sekunde 30. Wa mwisho kununua ndiye mshindi. Agosti 2018 mtu mmoja alinunua ufunguo, kisha akalipa ada kubwa mno ili miamala yake mwenyewe ijaze bloku zilizofuata, yaani mafungu ya miamala ambayo mtandao huyapitisha moja baada ya jingine. Wengine walibonyeza kununua, lakini miamala yao ikabaki kwenye foleni mpaka muda ukaisha. Akachukua etha zaidi ya 10,000, kama dola milioni 3 wakati ule. Linaloniuma ni kwamba mchezaji wa kawaida asingeweza kumzuia hata angekesha, na hela ile ilitoka kwa walionunua funguo kabla yake.