Maswali ya Wasomaji: Kutega Fuko Shambani na Kwenye Gofu

Toleo lililopita tuligusia kidogo kwamba Uingereza mpaka leo kuna watu wanaishi kwa kazi ya kutega fuko, mashambani na kwenye viwanja vya gofu, na barua zikaanza kumiminika. Mimi kazi hiyo nimeifanya miaka mingi na bado naifanya, kwa hiyo mhariri kanipa ukurasa nijibu. Barua nyingine nimezifupisha, mnisamehe.

Shikamoo fundi. Nimepata kibarua uwanja wa gofu, bosi kanipa mitego akasema niifukie pale penye marundo ya udongo. Nimefanya hivyo na sijashika hata mmoja, kila asubuhi nakuta mtego umefyatuka umejaa udongo tu. Tatizo liko wapi?
*Kijana wa nyasi*

Marahaba mwanangu. Bosi wako kakuelekeza sipo. Penye rundo ni mahali fuko anapotupia udongo anaochimba, ukitega hapo ni sawa na kumvizia mtu kwenye jalala lake badala ya mlangoni kwake. Wewe unatafuta njia kuu, ile anayopita kila siku kwenda kula na kurudi kulala, na njia hiyo mara nyingi inafuata ukingo wa ua, uzio, ukuta, au inapita chini ya kinjia cha watu, kwa sababu udongo wa hapo umeshikana haubomoki ovyo.

Kwa hiyo ukifika usitoe mtego kwenye begi kwanza. Zunguka, angalia marundo yamejipangaje, yapi mapya yenye udongo mbichi na yapi ya zamani yaliyopigwa na mvua yakatandazika, yamenyooka kuelekea wapi, yanatokea upande gani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mtego unakuja mwishoni kabisa, na mtu asiyejua kusoma ardhi hata umpe mitego ya bei mbaya hatashika kitu. Ukishaelewa, chukua ufito wa chuma uchome ardhi taratibu katikati ya marundo mawili mapya, sogea kidogo, choma tena. Ardhi itakubishia, itakubishia, halafu ghafla ufito unazama wenyewe bila nguvu. Hapo chini pana uwazi. Njia nzuri ya kutegea mara nyingi iko kama sentimita 10 mpaka 15 kwenda chini, ziko na za kina zaidi lakini hizo achana nazo.

Kata kibonge cha nyasi kwa koleo dogo, upana wa mtego tu, kiweke pembeni kikiwa kizima maana utakirudisha. Sasa ingiza vidole. Njia inayotumika kuta zake ni laini kabisa, zimesuguliwa na manyoya yake akipita huku na huku, na sakafu imeshindiliwa. Ukikuta vijizizi vyeupe vimekatiza katikati ujue hapo hapapitwi siku nyingi, rudisha kibonge chako utafute kwingine. Kama ni penyewe, toa udongo uliodondokea ndani, shindilia sakafu kwa ngumi, kisha mtego ukae usawa wa sakafu ile ile. Ukikaa juu kidogo anapita chini yake, na akigundua njia yake imeharibika anakuja anasukuma udongo mbele ili azibe, udongo ndio unaofyatua mtego, na ndicho kinachokukuta wewe kila asubuhi. Mwisho ziba kila upenyo wa mwanga na upepo. Macho ya fuko ni madogo sana, kazi anaifanya kwa pua na kwa kugusa, upepo ukiingia kwenye njia yake anaujua mara moja.

Na kwa gofu hasa, mtego wa mkasi una mikono inayotokeza juu ya ardhi, mashine ya kukata nyasi itaugonga au mchezaji ataung'oa. Tumia ule wenye umbo la nusu pipa, unakaa wote chini. Weka alama pembeni na mwambie dereva wa mashine ulipotega, umwambie kwa mdomo, usitegemee kuwa ataona. Kwenye grini, yaani ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo la mpira, usiguse. Fuko anaingia uwanjani akitokea kwenye miti au majani marefu, mkute huko huko mpakani. Na usishangae kwa nini anapenda gofu, pale nyasi zinamwagiliwa, udongo hauna wa kuulima, nyungunyungu wamejaa, hicho ndicho chakula chake.

Fundi, mimi ni mchezaji tu. Mpira ukitua kwenye rundo la fuko nafanyaje?

Kanuni za gofu zinakulinda, soma ya 16.1. Shimo la mnyama pamoja na udongo aliouchimba ni hali isiyo ya kawaida ya uwanja, unauhamisha mpira na kuudondosha bila adhabu, isipokuwa ukiwa ndani ya eneo la adhabu, kama vile bwawa au mto wa uwanjani. Tafadhali usilikanyage lile rundo ukalisawazisha kwa kiatu, unatufutia alama.

Samahani lakini hii kazi inaniumiza roho. Fuko huyo hali mazao, anakula minyoo tu, na manyoya yake mazuri hivyo. Kwa nini msimkamate akiwa hai mkamwachie mbali? Au hata sumu si ingekuwa ya haraka zaidi?
*Dada mpenda wanyama*

Dada yangu usiombe samahani, swali ni zuri. Kweli kabisa hali mazao. Ana uzito wa gramu 70 mpaka 130 hivi, na kwa siku anakula nyungunyungu karibu nusu ya uzito wake, wengine anawang'ata kichwani wasiweze kuondoka anawaweka akiba. Manyoya yake ni mahameli, unayalaza upande wowote, ndiyo maana anarudi kinyumenyume njiani bila kukwama. Mimi huyu mnyama namheshimu sana.

Madhara yanatokana na ule udongo. Nyasi za saileji, yaani zile zinazovundikwa ziwe lishe ya mifugo, zikikatwa pamoja na marundo, udongo unaingia kwenye lishe na unaweza kubeba bakteria wa listeria, kondoo wakila wanaumwa na wengine wanakufa. Mawe anayoyapandisha yanavunja visu vya mashine. Farasi nao wanajikwaa, Mfalme William wa Tatu wa Uingereza alianguka na farasi wake mwaka 1702 akavunjika mtulinga na hakupona, na inasimuliwa kuwa farasi alijikwaa kwenye rundo la fuko, mpaka maadui zake wakawa wanainua glasi kumtakia heri bwana mdogo mwenye koti la mahameli jeusi, yaani fuko.

Kumkamata hai kunasikika vizuri ila mara nyingi ni ukatili zaidi. Huyu anakula kila baada ya saa chache, ukimfungia kwenye bomba usiku kucha asubuhi unamkuta kafa kwa njaa na hofu, na ukimwachia mbali unamtupa kwenye eneo la fuko mwingine, wapigane. Sumu ndiyo usiitaje kabisa. Striknini ilikuwa inapakwa kwenye nyungunyungu, mnyama anakufa kwa mikazo ya misuli, kifo kibaya mno, Uingereza ilisimamishwa mwaka 2006 na mimi nashukuru. Mtego wenye springi kali uliokaa sawasawa unaua haraka, na aliyetega lazima apite kila siku kukagua, mvua inyeshe isinyeshe. Anayetega halafu akaenda zake wikiendi asijiite mtegaji.

Na si kila fuko anahitaji kutegwa. Nikiitwa kwenye malisho nikakuta marundo machache kwenye kona namwambia mwenye shamba ayatandaze kwa reki amwache. Siku hiyo sipati hela, sawa tu.

Mzee, mimi nalima viazi vitamu na mihogo, fuko ananimaliza. Mbona unasema hali mazao? Mtego wenu huo utanifaa?
*Mkulima*

Hao ni wanyama wawili tofauti kabisa, mkulima mwenzangu. Wa Ulaya ni mla wadudu na nyungunyungu. Fuko wa Afrika Mashariki ni mgugunaji, ndugu wa panya, yale meno ya manjano yanayotokeza mbele ndiyo anayochimbia, na chakula chake ni mizizi na viazi, anavuta mmea mzima kutoka chini mpaka unazama. Kwa hiyo wako anashikika kwa chambo na yule wa Ulaya kwa kawaida hatuwekei chambo. Ule mtego wa asili wa fimbo inayopindwa na kitanzi cha waya unafaa sana kwa wako, na cha kuvutia ni kwamba hata Ulaya wazee walitega hivyo hivyo, fimbo ya mti unaopindika na kitanzi cha singa za farasi, kabla ya springi za chuma kuenea. Kusoma ardhi ni kule kule: njia mbichi, kuta laini, mkono mwepesi.

Nilimlipa mtu akashika wawili, baada ya muda mfupi marundo yamerudi. Nimetapeliwa?

Huenda hapana. Fuko anaishi peke yake na kila mmoja ana eneo lake, dume na jike wanakutana msimu wa kuzaana tu, mwanzo wa mwaka kuelekea masika ya huko Ulaya. Ukimtoa mmoja, jirani anagundua haraka njia ziko wazi na anahamia, njia zimeshachimbwa, yeye anaingia tu. Ndiyo maana napenda kutega mwishoni mwa majira ya baridi, kabla watoto hawajazaliwa na kutawanyika, na baadaye narudi kukagua mipakani. Marundo mengi hayana maana ya fuko wengi, mmoja tu anatosha kukuharibia uwanja. Zamani mtegaji alilipwa kwa idadi na akawa anawatundika kwenye uzio mwenye shamba ahesabu mwenyewe. Wewe ukimlipa mtu kwa kichwa dai kuwaona.

Vile vifaa vya kuchomeka ardhini vinavyotoa mlio, na vitunguu saumu shimoni, vinafukuza?

Sijaona vikifukuza. Nimeshakuta rundo jipya limefunika kifaa chenyewe, kinalia humo humo ndani. Hela hiyo nunua ufito wa chuma.