Kabla hujampelekea fundi gitaa lako la kiwandani

Gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, linalotoka kiwandani limetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Waliolitengeneza hawajui kama mnunuzi ana vidole virefu au vifupi, kama anapiga kwa nguvu au kwa upole, wala kama litakaa Tanga au Dodoma. Kwa hiyo hujihadhari na kuziacha nyuzi juu kidogo. Nyuzi zilizo juu mtu anaweza kuzishusha baadaye. Zilizoshushwa mno hugusa freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, na kukwaruza, na mteja hulirudisha gitaa dukani siku hiyohiyo.

Mimi napiga gitaa la kiwandani ambalo fundi wa hapa Dar es Salaam alilifanyia kazi, na silibadilishi kwa gitaa jipya la bei mara mbili yake. Lakini nimeona pia wenzangu wakilipa pesa nyingi na kurudi na gitaa lilelile, au bovu zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa katika kile walichoomba. Fundi anaweza kulileta gitaa kwenye mkono wako. Kulifanya liwe gitaa jingine, hilo hawezi, na fundi mzuri atakwambia mapema.

Anza na kimo cha nyuzi, na kipime mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Chukua rula ndogo ya chuma, isimamishe kwenye freti ya 12, upime nafasi kati ya mgongo wa freti na upande wa chini wa uzi. Kwa gitaa la klasiki kipimo kilichozoeleka ni karibu milimita 4 kwenye uzi wa sita, ule mnene wa besi, na milimita 3 kwenye uzi wa kwanza. Ukikuta 5 na 4, basi vidole vinavyokuuma havikuumi kwa sababu hufanyi mazoezi ya kutosha. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi uende navyo. Ukimwambia fundi "nyuzi ziko juu" atakisia. Ukimwambia "uzi wa sita uko milimita 5, naomba uwe 4" mtaelewana.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye kile kipande cheupe ambacho nyuzi hukilalia, kilichosimama juu ya daraja, yaani ubao mdogo uliogundishwa usoni mwa gitaa na kushika nyuzi. Nitakiita kipande cha chini. Hesabu yake ni rahisi na inafaa kuijua. Magitaa mengi ya klasiki, ikiwemo Yamaha C40 ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, yana urefu wa uzi wa milimita 650. Freti ya 12 iko katikati, milimita 325 kutoka kila upande. Kwa sababu hiyo, kushusha nyuzi milimita 1 pale katikati, fundi lazima apunguze milimita 2 kwenye kipande cha chini. Sasa tazama kipande chako kimechomoza kiasi gani juu ya daraja. Kikiwa kimechomoza milimita 6, kuna nafasi ya kutosha. Kikiwa kimechomoza 2 au 3 tu, fundi akikipunguza tena nyuzi zitakosa mteremko wa kushukia kwenye daraja, hazitakikandamiza sawasawa, na sauti itafifia. Hapo tatizo liko kwingine: shingo imepinda, au ubao wa juu, ule uso wa gitaa wenye tundu la sauti, umevimba.

Kuvimba huko sisi wa pwani tunakujua. Viwanda vikubwa hutengeneza magitaa katika vyumba ambavyo unyevu wa hewa huwekwa karibu asilimia 45 hadi 50. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi. Mbao hunywa unyevu, zikatanuka, na ubao wa juu ulioshikwa kingo zote hauna pa kwenda isipokuwa kunyanyuka, ukiinua daraja na nyuzi pamoja nao. Anayelihamishia gitaa Dodoma wakati wa kiangazi huona kinyume chake: ubao hushuka, nyuzi hukwaruza, ncha za freti hutokeza pembeni na kuchoma kiganja. Kwa hiyo usikimbilie kwa fundi wiki ya kwanza baada ya kununua. Liache gitaa lizoee hewa ya hapo litakapoishi, majuma kadhaa, ndipo lipimwe. Mimi nina vipande vya chini viwili, kimoja cha masika na kimoja cha miezi mikavu, kikizidi kingine karibu milimita moja. Kuvibadilisha ni kulegeza nyuzi na kukitelezesha kimoja kutoka, kingine kuingia. Kwa pesa niliyotoa, sijaona kitu kilichonisaidia zaidi.

Kipande cha juu, kile chenye mifereji sita pale shingo inapokutana na kichwa, watu hukisahau kabisa. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha utazame juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa nafasi nyembamba mno, ya unywele tu. Ukiona upenyo mpana, mifereji haikukatwa vya kutosha. Ndiyo sababu kodi ya F, yaani zile noti za F zinazopigwa pamoja, inakutesa, na ndiyo sababu noti za freti za kwanza zinapanda juu ya sauti yake hata kama umetyuni vizuri. Kukata mifereji hiyo kunataka tupa nyembamba za unene tofauti, kila uzi na yake. Fundi akichukua msumeno wa kukatia chuma afanye mifereji yote sita sawa, mshukuru, chukua gitaa lako uondoke.

Ukiwa na mkono mdogo, hapa ndipo pa kusaidika. Upana wa shingo ya klasiki kwenye kipande cha juu ni kama milimita 52, na nyuzi mbili za pembeni huachana karibu milimita 43. Fundi akichonga kipande kipya kinachoziweka kwa milimita 41 au 42, mkono unasikia mara moja, na shingo haijaguswa. Mwenye mkono wa shoto naye asikate tamaa. Fito za ndani ya gitaa la klasiki, zile zinazoushikilia ubao wa juu kwa chini, kwa kawaida hupangwa kama upepeo, pande zote mbili karibu sawa, kwa hiyo kuligeuza ni kuchonga upya vipande vyote viwili na kuweka alama za freti upande wa pili wa shingo. Kwa gitaa la nyuzi za chuma kazi hiyo ni nzito zaidi, maana fito zake hazilingani pande mbili.

Kuhusu mfupa badala ya plastiki: ndiyo, fanya. Fundi wangu, seremala wa zamani aliyeingia kwenye magitaa kwa kutengeneza ala za udi za wapiga taarabu, hutumia mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani. Huuchemsha, huutoa mafuta, huuanika hadi uwe mweupe na mkavu kabisa, ndipo huukata. Watu husema mfupa hubadilisha sauti yote. Nilichosikia mimi ni uwazi zaidi kwenye uzi wa tatu, ambao kwa nailoni huwa mzito wa sauti. Naamini sehemu kubwa ya uwazi huo ilitokana na kipande kuchongwa kikaenea barabara kwenye mfereji wake, kikagusa chini chote. Mfupa uliokaa unalegea haufai kitu.

Nilimuuliza pia kuhusu mpingo. Ni mti wetu, unakua Lindi na Ruvuma, na wazumari wa okestra za Ulaya hupuliza klarineti na oboe za mpingo. "Mzee, na daraja tukiliweka la mpingo?"

Aliacha tupa. "Mwanangu, mpingo unazama majini. Huu ubao wa juu hata milimita tatu haufiki. Ukiubebesha daraja zito, utachezaje?"

Sababu yake ni ya msingi. Nyuzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao, na ubao ndio unaotoa sauti. Uzito wowote unaoongezwa hapo uzi lazima uusukume. Mpingo wa ukubwa uleule huzidi uzito wa rosewudi, mbao ya kawaida ya madaraja, kwa karibu nusu. Kwenye ubao wa vidole, ule wa shingoni unaobeba freti, ni jambo jingine, huko ugumu wake ni faida, hauliwi na nyuzi wala kucha. Lakini kubandua ubao wa vidole wa gitaa la bei ya kawaida ili kuweka wa mpingo ni gharama isiyorudi.

Tukifika kwenye sauti, kuna swali la kuuliza kwanza: ubao wa juu ni mbao nzima au ni plaiwudi? Tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka kutoka juu na kupita unene wote, ni mbao nzima. Ukiona tabaka, ni plaiwudi. Antonio de Torres, fundi Mhispania aliyelipa gitaa la klasiki umbo tunalolijua, mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa, akaweka ubao wa juu mzuri, kuonyesha kwamba sauti hutoka huko juu. Gitaa hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya muziki Barcelona. Kwa hiyo mtu akikuahidi kuchonga fito za ndani za gitaa la plaiwudi ili liimbe kama la Torres, kataa. Kwa mbao nzima kazi hiyo inawezekana, lakini kinachoondolewa hakirudi, na fito zikipungua mno ubao huanza kuzama mbele ya daraja. Mimi sikuifanya. Niliridhika na kuondolewa vanishi inayong'aa nyuma ya shingo: fundi aliipiga msasa laini, akapaka mafuta, na dole gumba halinati tena mkono ukitoka jasho.

Wapigaji wa kanisani huomba kuwekewa kinasa sauti (pickup), utepe wa kupeleka sauti ya gitaa kwenye spika, chini ya kipande cha chini. Kumbukeni utepe wake una unene, unainua nyuzi, kwa hiyo kipande lazima kipunguzwe tena na chini yake kinyooke kabisa, la sivyo nyuzi mbili zitasikika na nne zitanong'ona. Pia kuna tobo la kutoboa kwenye daraja na lingine kubwa kitakoni mwa gitaa. Jaribuni maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya gitaa kwanza.

Na nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki, hapana. Seti ya nailoni huvuta kwa jumla karibu kilo 40, ya chuma kilo 70 na zaidi. Daraja la klasiki limeshikwa kwa gundi tu. Likibanduka, muulize fundi atalirudishaje. Jibu unalotaka kusikia ni kwamba atakwangua gundi ya zamani mpaka aione mbao, atapaka gundi ya mbao, atabana kwa klampu zinazopita kwenye tundu la sauti, na ataliacha usiku mzima au zaidi. Akitaja gundi ya matone inayokauka papo hapo, mwachie wengine.

Siku ya kupeleka, kaa upige mbele yake, ule wimbo unaoujua vizuri, kwa nguvu yako ya kawaida. Anayegonga nyuzi kwa nguvu anahitaji zikae juu kuliko anayezigusa, na hilo fundi halioni kwenye rula. Kubalianeni bei na kazi moja moja, kimo kwanza, freti baadaye kama bado zinakwaruza. Mwombe akurudishie vipande vya zamani, uviweke kwenye mfuko ndani ya kesi. Ukilichukua, pima tena freti ya 12 mbele yake, andika tarehe na vipimo, kisha rudi baada ya mwezi hivi, nyuzi mpya zikishatulia, upime tena naye akiwepo.